Aliyebaki Nje na Pikipiki: Mshirika wa Wizi wa Mabavu na Kifo Ambacho Hakukitenda kwa Mkono Wake

Watu wanne wanapanga kuvamia duka la wakala wa pesa za simu Nairobi. Wa kwanza ana bastola, wa pili ana panga, wa tatu anabaki nje juu ya pikipiki bila kuzima injini. Wa nne hayupo kabisa. Ni msaidizi wa dukani aliyeomba ruhusa siku hiyo, na saa kumi na moja jioni amepiga simu kusema bosi yuko peke yake na bado hajapeleka pesa benki. Mwenye duka anakataa kuachia droo, anapigwa risasi moja kifuani na kufariki njiani akipelekwa hospitali. Siku chache baadaye mwenye bastola anauawa na polisi. Wanabaki watatu, na wote wana jibu moja: "Mimi sikuua mtu."

Jibu hilo linaweza kuwa kweli tupu na bado lisiwaokoe. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mashtaka ya namna hii yamejaa kwenye mahakama za Kenya, na mengi huharibika mahali palepale. Nitafuata sheria ya Kenya, nivuke mpaka pale tu tofauti inapokuwa na maana.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, haina daraja la chini la "mshirika tu". Kifungu cha 20 kinawaweka pamoja aliyefanya kitendo chenyewe, aliyefanya au kuacha kufanya jambo ili kumwezesha mwingine, aliyesaidia au kuchochea, na aliyeshauri au kushawishi. Yeyote kati yao anaweza kushtakiwa kana kwamba kosa alilitenda yeye. Kwa hiyo mwendesha boda akisomewa mashtaka kwamba alimuua mwenye duka "akishirikiana na wengine ambao hawako mbele ya mahakama", karani hajakosea. Wala kifo cha mwenye bastola hakimwondolei mtu lawama, kwa sababu mshirika anaweza kuhukumiwa hata kama mtendaji mkuu amekufa, ametoroka au hajawahi kujulikana jina.

Kifungu cha 22 kinamhusu mshauri, na hapo ndipo msaidizi wa dukani anapoingia. Haijalishi kama kosa lililotendeka ni lile alilolishauri au ni jingine, au lilitendwa kwa njia tofauti na aliyoisema, mradi yaliyotokea yalikuwa tokeo linaloelekea kutokea ushauri ule ukitekelezwa.

Kifungu kinachobeba kesi nyingi zaidi ni cha 21, kile cha nia ya pamoja. Kina hatua tatu. Lazima watu wawili au zaidi wawe wameunda nia ya pamoja ya kutekeleza lengo lisilo halali. Lazima kosa liwe limetendeka katika kulitekeleza lengo hilo. Na lazima kosa hilo liwe la aina ambayo kutendeka kwake kulikuwa tokeo linaloelekea kutokea. Hatua zote tatu zikithibitishwa, kila mmoja anahesabiwa kuwa amelitenda.

Hukumu nyingi hutumia kurasa kadhaa kwenye hatua ya kwanza, sentensi mbili kwenye ya pili, na ya tatu hurukwa, si kwa hila bali kwa mazoea. Hakimu akishaona watu walikuwa pamoja, kalamu inateleza moja kwa moja hadi kwenye hatia. Wakili anayejua kazi yake hubana hapo.

Nia ya pamoja haihitaji kikao

Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 1943, katika kesi ya Tabulayenka kutoka Uganda, kwamba nia ya pamoja inaweza kuzuka papo hapo bila mpango wowote wa awali, na inaweza kusomwa kutoka kwa mtu kuwepo, matendo yake, na kushindwa kwake kujitenga. Ile ilikuwa kesi ya umati uliompiga mtu, lakini kanuni yake hutumika kwenye wizi hadi leo. Mwaka 1955, kwenye kesi ya Wanjiro, mahakama hiyohiyo ilikaza upande wa pili: lazima ionyeshwe kwamba mshtakiwa huyu, huyu hasa, alishiriki na mtendaji nia ya kufuata lengo mahususi lisilo halali lililozaa kosa lile. Kisha ikaja Njoroge ya mwaka 1983, ambayo waendesha mashtaka huipenda: watu wakiungana kwa lengo haramu na mmoja wao akaua katika kulitekeleza, ni mauaji kwa wote waliokuwepo, wawe walisaidia au hawakusaidia, ilimradi kifo kilisababishwa na kitendo cha mmoja wa kundi katika jitihada za kutimiza lengo lao.

Maneno "kitendo cha mmoja wa kundi" yasipitwe haraka. Polisi wakifika na risasi yao ikamuua mpita njia, au umati ukamchoma mwenye panga akiwa anakimbia, vifo hivyo havikusababishwa na kundi kwa kanuni hii. Mambo hubadilika pale jambazi anapomtumia mtu kama ngao. Uingereza, katika kesi ya Pagett ya mwaka 1983, mwanamume aliyemsukuma msichana mbele yake huku akiwafyatulia polisi risasi alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, ingawa risasi zilizomuua msichana zilitoka kwa polisi.

Sasa tumtazame mwendesha boda, maana ndiye anayeumiza kichwa. Kuwa nje ya duka si kosa. Waendesha boda hubeba watu wasiowajua kutwa nzima, na abiria hamwambii dereva amebeba nini kiunoni. Kinachotenganisha dereva wa kawaida na mshirika ni vitu vidogo ambavyo mpelelezi mzuri huviandika siku ya kwanza, na mzembe huvikumbuka akiwa tayari kizimbani akihojiwa. Kibati cha namba kilikuwa wazi au kimekunjwa? Injini ilizimwa? Pikipiki ilielekezwa dukani au njia ya kutokea? Nauli ilikubaliwa kiasi gani, na ililipwa? Mlio wa bastola uliposikika, alikimbia peke yake kwa woga au alisubiri wapande? Na baadaye, alipiga ripoti, alinyamaza, au alitumiwa pesa usiku uleule?

Alisubiri baada ya mlio, akawabeba, akapokea mgao: hapo kuwepo kumegeuka kuwa kushiriki, na sioni wakili wa kumtoa kwa hoja ya nauli.

Kuua ni mauaji lini?

Mauaji kwa kifungu cha 203 yanahitaji nia ovu ya awali, na kifungu cha 206 kinataja njia za kuithibitisha. Ya kwanza ni nia ya kuua au kudhuru vibaya. Ya pili ni kujua kwamba kitendo chako huenda kikasababisha kifo au madhara makubwa. Ya tatu, aya ya (c), ni nia ya kutenda kosa kubwa la jinai. Ya nne ni nia ya kumsaidia aliyetenda au kujaribu kutenda kosa kubwa kukimbia au kutoroka kizuizini. Hii ya nne huwashangaza wengi wanaodhani wizi huisha pesa zikishatoka dukani. Risasi inayopigwa kona mbili mbele ili kumzuia anayewafukuza bado iko ndani ya kifungu.

Aya ya (c) ni masalia ya kanuni ya kale ya Uingereza, na Waingereza wenyewe waliifuta kwao mwaka 1957. Kenya imebaki nayo. Tanzania inayo pia, kwa maneno mengine: nia ya kutenda kosa linaloadhibiwa kwa zaidi ya kifungo cha miaka mitatu. Uganda iliondoa, ikabakiza nia ya kuua na kujua kwamba kitendo huenda kikaleta kifo.

Upande wa mashtaka hupenda kuunganisha 21 na 206(c) kwa mkato: walikubaliana kuiba kwa mabavu, wizi wa mabavu ni kosa kubwa, mtu amekufa, basi wote ni wauaji. Naona mkato huo una kasoro. Aya ya (c) inaeleza hali ya akili ya yule ambaye kitendo chake kilisababisha kifo. Inamfunga mwenye bastola hata akidai alitaka kutisha tu na kidole kikateleza. Ili kumfikia aliyekuwa nje lazima upite kwanza kwenye 20, 21 au 22, na 21 inauliza swali lake yenyewe: kwa mpango uliokubaliwa, je, mauaji yalielekea kutokea? Ukiacha swali hilo, umeandika upya kifungu cha 21 na kufuta mstari wake wa mwisho.

Jibu la swali hilo hutegemea zaidi silaha na hali ya mahali. Waliokubaliana kuingia kwenye duka lenye mtu ndani, mmoja akiwa na bastola yenye risasi na wote wakijua, hawana pa kujificha. Bastola hupelekwa dukani ili mwenye duka aamini kwamba itatumika, na mwenye duka anayekataa si jambo la ajabu. Panga vivyo hivyo. Lakini tuseme mwendesha boda aliambiwa wanakwenda kuvunja duka lililofungwa usiku wa manane, hakuna mtu, na bastola hakuiona. Mwenye duka akawa amelala ndani. Hapo mpango aliouafiki ni kuvunja na kuiba, na kuua si tokeo linaloelekea kutokea kwa kuvunja duka tupu. Dereva huyo anastahili kujibu kosa la kuvunja, na mahakama inayomtia hatiani kwa mauaji inapaswa kuonyesha ushahidi wa kwamba alijua zaidi ya hapo.

Msaidizi wa dukani ni mgumu kuliko wote. Simu yake ilikuwa na maneno machache: pesa zipo, bosi yuko peke yake. Maneno "yuko peke yake" yanammaliza, kwa kuwa aliyetaka wizi bila mtu angesubiri bosi aondoke. Angesema "anatoka saa mbili", picha ingekuwa tofauti kabisa. Wakili wake anapaswa kutafuta kila ujumbe kati yake na wale wengine, hata unaomuumiza, kabla hajaamua mteja wake aseme nini.

Wasomaji waliosikia kuhusu kesi ya Jogee wataniuliza. Mnamo Februari 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza, ikikaa pamoja na Baraza la Faragha (mahakama ya London inayosikiliza rufaa za mwisho za baadhi ya nchi za Jumuiya ya Madola) lililokuwa na rufaa ya Ruddock kutoka Jamaika, ambako dereva wa teksi aliuawa gari lake likiibwa, ilisema sheria ya Kiingereza ilikuwa imepotoka kwa zaidi ya miaka 30. Kutabiri tu kwamba mwenzako huenda akaua hakutoshi. Lazima mshirika awe na nia ya kusaidia au kuhimiza kosa hilo, na kutabiri ni ushahidi wa nia hiyo tu. Uamuzi huo unafaa kusomwa, lakini haubomoi kifungu cha 21. Kipimo chetu kimeandikwa na Bunge, na hakiulizi mshirika alitabiri nini moyoni. Kinauliza mpango wenyewe ulielekea kuzaa nini.

Shtaka lipi, mahakama ipi

Jambo hili wananchi wengi hawalijui. Wizi ukizaa kifo, mwendesha mashtaka ana chaguo. Anaweza kufungua mauaji Mahakama Kuu, au wizi wa mabavu chini ya kifungu cha 296(2) kwa hakimu. Wizi wa mabavu hauhitaji nia ovu ya awali. Unatosha kwa mojawapo ya mambo matatu: mwizi alikuwa na silaha hatari, au alikuwa na mwenzake mmoja au zaidi, au alimjeruhi au kumpiga mtu wakati wa wizi, muda mfupi kabla au muda mfupi baadaye. Mahakama ya Rufaa ilishasema katika Oluoch ya mwaka 1985 kwamba moja kati ya hayo linatosha. Maana yake watu wawili mikono mitupu wanaomkaba mtu na kumnyang'anya simu wameingia kwenye kifungu ambacho adhabu yake iliyoandikwa ni kifo.

Kwa mwendesha mashtaka mwenye ushahidi dhaifu wa nani alijua kuhusu bastola, 296(2) ni njia rahisi. Kwa mshtakiwa, kusikia "mauaji yameondolewa, sasa ni wizi wa mabavu" si habari njema hata kidogo.

Ushahidi unapovunjika

Utambuzi ndio chanzo cha rufaa nyingi kufaulu. Kesi ya Maitanyi ya mwaka 1986 inamtaka hakimu aulize mwanga ulikuwa wa aina gani, ukali wake, na ulikuwa umbali gani na mshukiwa. "Kulikuwa na taa" haitoshi. Kwa dereva aliyekuwa nje amevaa kofia ya chuma, shahidi anayedai alimtambua sura anapaswa kubanwa sana. Gwaride la utambulisho linataka watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali. Shahidi akiwa alishamwona mshukiwa kituoni au kwenye picha ya simu ya askari, gwaride halina thamani tena.

Simu ya marehemu au noti zenye bandi ya duka zikikutwa kwa mtu baada ya siku mbili, kanuni ya umiliki wa karibuni inamtaka aeleze. Mashtaka lazima yaonyeshe mali ilikutwa kwake, ni ya mlalamikaji bila shaka, iliibwa, na iliibwa karibuni. Simu huuzwa mara tatu kwa siku moja mjini, kwa hiyo "karibuni" ya simu ni fupi kuliko ya lori.

Rekodi za kampuni ya simu zinaonyesha nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa sekunde ngapi, na mlingoti upi ulishika mawimbi. Haziandiki walichosema, na mlingoti unaonyesha eneo, hauonyeshi mlango wa duka. Zikiletwa bila cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, zinapingwa.

Kisha kuna maungamo. Kwa kifungu cha 25A cha sheria hiyohiyo, hayapokelewi isipokuwa yametolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kisichopungua inspekta ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtu wa tatu ambaye mshukiwa amemchagua akiwepo. Mwenye panga akiungama na kumtaja mwendesha boda, mahakama inaweza kuyazingatia maneno hayo dhidi ya boda chini ya kifungu cha 32, lakini mahakama za Afrika Mashariki zimeyahesabu tangu miaka ya 1950 kuwa ushahidi dhaifu mno, wa kutilia nguvu ushahidi mwingine ambao tayari unakaribia kutosha. Peke yake haumfungi mtu.

Mara nyingine mashtaka humgeuza mshirika mmoja kuwa shahidi. Kwa hakimu, huondolewa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai. Anayekubali ajue kwamba kuondolewa huko kabla ya kujitetea hakuzuii kukamatwa tena kwa mambo yaleyale. Apate makubaliano kwa maandishi, na wakili wake awepo.

Kulazimishwa na kujitoa

Kifungu cha 16 cha Kanuni ya Adhabu kinamwachilia aliyelazimishwa na wahalifu wenzake, kwa masharti makali. Kitisho kiwe cha kuuawa au kudhuriwa vibaya papo hapo, na kiwe kimeendelea muda wote wa tendo. Boda aliyeshikiwa bastola mgongoni kutoka stendi hadi dukani na kurudi ana utetezi. Aliyeambiwa jana "usipokuja kesho tutakutafuta" hana, kwa kuwa sheria inasema wazi kitisho cha madhara ya baadaye si udhuru. Na wakati wenzake wako ndani, naye yuko nje peke yake na funguo mkononi, ataulizwa nani alikuwa akimlazimisha dakika hizo.

Kujitoa kunahitaji zaidi ya miguu. Katika kesi ya Kiingereza ya Becerra, mwaka 1975, mwizi aliyekuwa amempa mwenzake kisu aliona mtu anakuja, akasema waondoke, akaruka dirishani. Mwenzake akamchoma mtu yule. Rufaa ya Becerra ilikataliwa, kwa sababu kufikia hapo ilihitajika hatua nzito zaidi ya kutamka maneno machache na kukimbia. Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo, ila hoja yake ina mantiki kwetu. Mapema, siku kadhaa kabla, kuwaambia wazi wenzako kwamba hushiriki kunaweza kutosha. Ukiwa umeshawafikisha mlangoni, ni vigumu kuona kitu pungufu ya kuzuia au kuita msaada.

Aliyeingia baada ya yote, akawaficha wauaji akijua walichofanya, ni mtu mwingine kisheria. Huyo ni msaidizi baada ya tukio chini ya kifungu cha 396, na hahukumiwi kama muuaji. Kifungu hicho kinamwondoa mke aliyempokea mumewe ili akwepe adhabu.

Adhabu, na kichekesho chake

Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hukumu ya kifo kwa Enmund, dereva aliyekaa kwenye gari karibu na nyumba ya shambani huko Florida wakati wenzake wakiwaibia na kuwaua wazee wawili. Miaka mitano baadaye, katika Tison, ilisema mshirika mkubwa aliyepuuza kabisa maisha ya watu anaweza kupewa adhabu hiyo. Hatia inabaki moja, kipimo cha adhabu kinatazama mkono wa kila mtu.

Kenya ilielekea huko Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliposema katika Muruatetu kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Mwendesha boda aliyetiwa hatiani kwa mauaji sasa anaweza kueleza nafasi yake na kupewa miaka. Lakini Julai 2021 mahakama hiyohiyo ilifafanua kwamba uamuzi ule unahusu kifungu cha 204, cha adhabu ya mauaji, tu, na wanaotaka kupinga adhabu ya 296(2) wafungue kesi yao kuanzia chini. Tokeo lake ni hili: aliyelinda mlango kwenye wizi ambao hakuna aliyekufa anakutana na kifungu kisichompa hakimu nafasi, wakati aliyefyatua na kuua anapata jaji wa kumsikiliza. Nadhani hakuna aliyeketi na kulipanga hivyo. Ni kwamba swali lililofika mahakamani lilikuwa la mauaji.

Tanzania iko kinyume chake. Unyang'anyi wa kutumia silaha una kima cha chini cha miaka 30, na mauaji yana kifo bila hiari ya jaji, jambo ambalo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu huko Arusha ililikosoa mwaka 2019 katika kesi ya Ally Rajabu. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na Tanzania tangu 1994. Marais wa Kenya hubadilisha hukumu hizo kuwa maisha kwa mafungu, zaidi ya 4,000 mwaka 2009 na 2,747 mwaka 2016. Maisha gerezani nayo si kitu cha kupuuza.

Aliyehukumiwa ana siku 14 za kukata rufaa. Rufaa ya kwanza ndiyo ya kuwekewa nguvu zote, kwani tangu Okeno ya mwaka 1972 mahakama inayoisikiliza inawajibika kupima ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi. Rufaa ya pili ni ya hoja za sheria pekee. Kwa hiyo kama hukumu haikusema popote kwa nini kuua kulielekea kutokea kwa mpango ambao mshtakiwa aliujua, iandike kuwa sababu ya kwanza ya rufaa, kabla ya mwanga, gwaride na simu.